Ofisi za kalamu Kampala na hewa ukaa: msianze na paneli za sola, anzeni na jenereta

MamaRisiti_Kla (mwanzisha uzi)

Habari za kazi wakuu. Uzi huu ni wa wenzangu wa ofisi za kalamu: wakaguzi wa hesabu, mawakili, washauri wa kodi, wahandisi washauri, wapima ardhi. Siku hizi wateja wa nje wanatuma dodoso la hewa ukaa kabla hawajasaini mkataba, na wabia wengi hapa mjini jibu lao la kwanza ni lile lile: tufunge paneli juu ya paa, tupige picha, tuweke kwenye tovuti. Mimi nasimamia uendeshaji wa ofisi ya ukaguzi na kodi, ofisi ya kati, si zile kampuni nne kubwa za kimataifa. Kazi hii niliangushiwa kwa sababu risiti zote hupita mezani kwangu. Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kubisha ajipange: hapa Uganda, mita ya umeme ndiyo mahali pa mwisho pa kutafuta moshi.

Angalieni umeme wetu unatoka wapi. Nalubaale pale Jinja ipo tangu 1954, ikafuata Kiira, kisha Bujagali megawati 250 mwaka 2012, Isimba 183 mwaka 2019, halafu Karuma megawati 600 iliyozinduliwa rasmi 2024. Yote hayo ni maji ya Nile. Ipo mitambo ya mafuta mazito Namanve, na mashamba ya sola ya Soroti na Tororo, megawati 10 kila moja, ila kwa jumla yuniti unayonunua Kampala haina moshi wa kutisha nyuma yake.

Mwongozo unaotumiwa na karibu kila mtu, GHG Protocol, hugawa hewa ukaa ya kampuni katika mafungu yanayoitwa wigo wa 1, wa 2 na wa 3. Wigo wa 1 ni unachochoma mwenyewe, wa 2 ni umeme ulionunua, na wa 3 ni mengine yote yanayotokea nje kwa ajili yako: safari, manunuzi, wafanyakazi kuja kazini, vipengele 15 kwa ujumla. Makala nyingi za ushauri zimeandikwa katika nchi ambako umeme unatokana na makaa ya mawe au gesi. Kwao wigo wa 2 ni mkubwa, na kuzima taa ni habari. Ukiwaiga hapa unatumia mamilioni ya shilingi kubadilisha umeme wa maji kuwa umeme wa jua.

Sasa twende nyuma ya jengo, kwenye jenereta. Ofisi nyingi za Nakasero na Kololo zina jenereta iliyonunuliwa kwa hesabu ya "tusije tukaaibika mbele ya mteja": 100 kVA kwa ofisi ambayo mzigo wake ni laptopu, taa, seva moja na birika la chai. Jenereta ya ukubwa huo ikibeba robo ya uwezo wake hunywa kama lita saba hadi nane kwa saa. Ikibeba mzigo wote hunywa ishirini na kitu. Piga hesabu kwa yuniti utaona ile yenye mzigo mdogo ndiyo mlafi. Lita moja ya dizeli hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ukaa, kwa hiyo kila yuniti ya jenereta yenye mzigo mdogo inafika kilo nzima. Na fundi yeyote atakuambia injini ya dizeli ikizunguka bila mzigo haichomi mafuta vizuri. Ule weusi wenye mafuta mafuta mnaouona ukutani karibu na bomba la moshi ndio huo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichopigania ni inveta na betri za lithiamu zinazochajiwa na umeme wa kawaida usiku. Hata paneli moja usiwe nayo, dizeli inashuka siku hiyo hiyo, kwa sababu maji ya Nile yamechukua nafasi ya jenereta. Paneli zikija baadaye, sawa. Lakini ukinunua paneli bila betri, umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni wakati vijana wanamalizia hesabu za mteja, jenereta inawaka kama kawaida na picha ya kwenye tovuti haisaidii.

Nitaendelea na magari na ndege. Maswali karibuni.

---

Mzee_wa_Busia

Binti yangu, nimekusoma hadi mwisho. Lakini niambie jambo moja. Mganda mmoja mmoja, ukihesabu mafuta anayochoma, hafiki hata nusu tani ya hewa ukaa kwa mwaka, na wastani wa dunia unapita tani nne. Hao wanaotuma madodoso ndio waliojaza anga kwa miaka mia mbili. Leo wanatukagua sisi? Mtu ana ofisi ya watu arobaini Kampala, anaulizwa birika lake linachemka kwa nini?

---

MamaRisiti_Kla

Shikamoo mzee wangu. Kwa haki ya nani alijaza anga, sina ubishi, uko sahihi kabisa. Lakini tutenganishe mambo mawili. Nani mwenye kosa ni swali la mikutano ya mataifa. Kwangu mezani swali ni risiti ya dizeli. Jenereta ile ilikuwa inakula hela kuliko mshahara wa karani, na hakuna aliyekuwa anajua, kwa sababu mafuta yake yaliandikwa pamoja na ya magari kwenye mstari mmoja wa hesabu ulioitwa "mafuta na vilainishi". Wakaguzi sisi! Tunawafokea wateja kwa mistari ya namna hiyo.

La pili, upepo umeshageuka kwenye taaluma yetu yenyewe. Viwango vya kimataifa vya kuripoti mambo ya uendelevu na tabianchi, IFRS S1 na S2, vilitoka Juni 2023, na S2 inataka kampuni itaje hewa ukaa yake ya wigo zote tatu. Mteja akija kwako umkagulie taarifa hiyo, utamwuliza nini kama ya kwako hujawahi kuihesabu? Serikali nayo ina Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021, na ahadi ya nchi ya kupunguza asilimia 24.7 ifikapo 2030 ukilinganisha na hali ya kutofanya lolote. Sehemu kubwa ya hiyo asilimia itatoka kwenye misitu, ardhi na kilimo. Ofisi za kalamu si tatizo la Uganda, mzee, na sitaki kujifanya ni tatizo. Ni bili tu inayoweza kupungua.

---

Mpangaji_Wandegeya

Dada, sisi tumepanga ghorofa ya tatu. Jenereta ni ya mwenye jengo, paa ni lake, AC ni zake, sisi tunalipa ada ya huduma kila robo mwaka. Tunahesabu nini hapo?

---

MamaRisiti_Kla

Mwombe meneja wa jengo daftari la jenereta. Kila jenereta ya jengo ina daftari, mlinzi au fundi anaandika saa iliyowaka, saa iliyozimwa na lita zilizoongezwa, kwa sababu mwenye jengo hamwamini fundi na mafuta. Ukishapata lita za mwaka, gawa kwa mita za mraba za jengo zima, kisha zidisha kwa mita ulizopanga wewe. Wa kwetu alikataa mwanzoni, akadhani tunatafuta kumpinga kwenye ada. Tulipomwandikia kwamba mkataba utakapohuishwa tutataka kifungu cha kupata takwimu hizo, daftari likapatikana. Limechafuka chai na grisi, lakini lilikuwa na kila kitu.

Inveta yako mwenyewe unaweza kufunga ndani ya ofisi bila kugusa paa lake. Zungumza naye tu kuhusu nyaya, na umeme ukikatika mzigo wako usiende kwenye jenereta yake.

---

Fundi_Baridi

Naomba kuchangia maana naona kila mtu anaongea dizeli, hakuna anayeongea gesi. Nafanya AC na mafriji, Kampala na Entebbe. AC za ukutani mlizonazo nyingi ni za gesi ya R-410A, na za zamani ni R-22. Kilo moja ya R-410A ikivuja angani, madhara yake kwa joto la dunia ni kama kilo 2,088 za hewa ukaa. Hesabu ya dada hapo juu ni 2.7 kwa lita, basi kilo moja ya gesi ni kama umechoma karibu lita 770 za dizeli. Kilo moja! Na mimi naitwa kwenye ofisi ile ile kila mwaka "njoo uongeze gesi, haipoozi".

Gesi ya AC haiishi kama ya jikoni. Ikipungua, inavuja mahali, na mara nyingi ni kwenye viungio vya shaba nyuma ya mashine ya nje, pale palipokazwa bila spana ya kipimo, au bomba lililopinda na kupasuka. Kazi sahihi: unanyonya gesi iliyobaki kwenye mtungi, unajaza naitrojeni kwa presha, unapaka povu la sabuni kila kiungio, unaona mapovu yanapofumka, unaziba, unavuta hewa yote kwa pampu hadi geji itulie, ndipo unarudisha gesi kwa mizani. Inachukua nusu siku. Mteja anataka dakika ishirini. Ukimpa bei ya nusu siku anamwita fundi mwingine, na huyo anafungua koki, gesi ya zamani inapiga "shhhhh" barazani, anajaza mpya, anaondoka.

Mnaonunua mpya ulizieni R-32. Hiyo ni 675 kwa kilo badala ya 2,088, na mashine huhitaji gesi kidogo zaidi. Inashika moto kidogo, kwa hiyo fundi awe anajua kazi.

---

MamaRisiti_Kla

Fundi, Mungu akupe maisha marefu. Hili la gesi ndilo lililonikosesha usingizi. Hakuna risiti hata moja iliyotaja kilo. Zote zimeandikwa "huduma ya AC, vyumba sita". Tumebadilisha fomu: fundi halipwi mpaka aandike aina ya gesi, kilo alizotoa na kilo alizoingiza. Tofauti ndiyo iliyovuja.

Kwa wanaojaza dodoso, kuna mtego. R-22 haimo kwenye orodha ya gesi za Itifaki ya Kyoto ya tabianchi ambazo GHG Protocol inadai ziingie kwenye wigo wa 1. Inashughulikiwa na Itifaki ya Montreal kwa sababu inakula tabaka la ozoni. Kwa hiyo inaandikwa pembeni, nje ya wigo. Nimeona ofisi yenye AC kuukuu za R-22 ikijitangaza kuwa safi kuliko jirani mwenye mashine mpya, kwa kuwa uvujaji wake haukuonekana kwenye jumla. Kwenye karatasi ni halali. Mimi naandika yote mawili.

Na tukumbuke mji wenyewe. Kampala iko mita 1,190 hivi juu ya usawa wa bahari, si Mombasa. AC nyingi zipo kwa sababu jengo limejengwa kwa vioo vinavyotazama magharibi na madirisha hayafunguki.

---

Kamunye_Ntinda

Nyabo, fungua dirisha Barabara ya Jinja saa mbili asubuhi uone utakachovuta. Watu wa AirQo, mradi wa kupima uchafu wa hewa pale Chuo Kikuu cha Makerere, wana vipimo mji mzima, wengine wamevifunga hadi kwenye boda. Kuna asubuhi hewa ya nje ni mbaya hasa. Bora AC.

---

MamaRisiti_Kla

Kweli ssebo. Sisi tuko upande wa bustani, tunafungua. Walio barabarani wafunge mapazia upande wa magharibi, AC ziwekwe nyuzi 25, na wabia wavue makoti. Hilo la makoti lilileta vita kubwa kuliko la jenereta.

Sasa safari, maana hapa ndipo penye uzito.

Ukaguzi ni kazi ya barabarani. Hesabu za wateja wengi zinafungwa Juni au Desemba, na miezi inayofuata magari yote yako Gulu, Mbale, Arua, Mbarara, Hoima. Kampala hadi Gulu ni kama kilomita 335. Dabo kabini ya dizeli kwenda na kurudi inameza lita sabini na kitu, yaani kilo 200 hivi za hewa ukaa, mara nyingi ikiwa na watu wawili na boksi la mafaili. Njiani wanapita Karuma, juu ya umeme wote ule wa maji, huku wanachoma dizeli. Huwa nacheka peke yangu nikisaini fomu.

Tulichobadilisha ni mpangilio, si teknolojia. Zamani kila meneja alipanga safari yake, gari moja likaenda Lira Jumatatu na jingine Alhamisi. Sasa wateja wa ukanda mmoja wanapangiwa wiki moja, gari moja, watu wanne. Kuhesabu bidhaa stoo lazima mtu awepo, lakini kukagua vocha hakuhitaji mtu alale Arua. Vocha zinapigwa picha zinatumwa. Upinzani ulitoka mahali nilipotarajia: posho. Mkaguzi kijana anajenga kwao kwa posho za safari. Ukimpunguzia safari umempunguzia mshahara, na ukijidai hulioni hilo mpango wote unakufa kimya kimya, watu watabuni sababu za kwenda. Ilibidi wabia wakubali sehemu ya kilichookolewa kwenye mafuta iingie kwenye mishahara. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi mgumu kuliko yote, na hakuna mwongozo wa kimataifa unaoutaja.

Ndege nazo. Entebbe hadi London ni kama kilomita 6,500 kwa upande mmoja. Kwenda na kurudi kwenye daraja la kawaida ni zaidi ya tani moja kwa abiria. Kwenye daraja la biashara, kwa viwango vya serikali ya Uingereza ambavyo wengi tunavitumia, ni karibu mara tatu, kwa sababu kiti kimoja kinakula nafasi ya watu kadhaa. Mbia mmoja akienda London mara moja kwa kulala kwenye kiti kinachonyooka, amefuta kazi yote ya gari la Gulu kwa mwaka. Sikuweza kuwashusha wabia wote. Niliweza jambo moja: mafunzo ya nje yasiyo na mtihani yafanyike kwa Zoom, na anayetaka kwenda aandike sababu, zisomwe kwenye kikao cha wabia kwa sauti. Maombi yalipungua yenyewe.

---

Mkazi_wa_Kinondoni

Mkuu, uzi mtamu sana, nipo pale nimekaa. Mimi niko kwenye ofisi ya wahandisi washauri Dar. Nikuulize: sisi tukikopi hesabu zenu si tutakosea? Umeme wetu umechanganyika, gesi asilia ni sehemu kubwa, ingawa bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, limebadilisha mambo. Na Dar bila AC Januari ni kifo.

---

MamaRisiti_Kla

Umeona vizuri kaka. Ndiyo maana nasema kila ofisi ianze na chanzo cha umeme wake. Kwenu AC inahesabika mara mbili, umeme na gesi ya mashine. Sola ya juu ya paa kwenu ina maana kuliko kwetu. Nairobi wao wana mvuke wa ardhini wa Olkaria, wanakaribia sisi. Wenye ofisi Kampala, Dar na Nairobi wasitumie kiwango kimoja cha "Afrika Mashariki". Nimekutana nacho kwenye jedwali la mshauri mmoja wa nje, nikamrudishia.

Jambo jingine, mwaka wa kuanzia. Malengo yote hupimwa kutoka mwaka fulani. Ukichagua 2019 utaonekana shujaa bila kufanya lolote, maana tabia za safari zilibadilika baada ya korona. Ukichagua 2020 utalia, kwa sababu uwanja wa Entebbe ulifungwa kwa abiria tangu Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba mwaka ule. Chukua mwaka wa kawaida wenye risiti kamili. Kisha ujiulize kama unaweza kweli kile SBTi, mpango wa kimataifa unaopima malengo ya kampuni, wanachotaka kwa lengo la joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5, yaani takriban asilimia 4.2 ya mwaka wa kuanzia, kila mwaka, jumla yote na si kwa kila mfanyakazi. Ofisi inayokua, inayoajiri, hiyo ni kazi. Wabia wangu walitaka tutangaze "sifuri ifikapo 2030". Nilikataa kuandika sentensi hiyo na bado nakataa.

---

Wakili_Nakasero

Nimekuwa kimya nikisoma. Dada, kazi yako ni nzuri na ya uaminifu. Lakini tuseme lililo chumbani. Ofisi zetu, mawakili, wakaguzi, washauri wa mazingira, zinakula kwa mafuta ya Hoima. Bomba la mafuta ghafi la EACOP ni kilomita 1,443 kutoka Kabaale hadi Tanga, linapashwa joto njia nzima kwa sababu mafuta yetu ni mazito kama nta, na limeundwa kubeba mpaka mapipa 246,000 kwa siku. Pipa moja likichomwa ni zaidi ya kilo 400 za hewa ukaa. Bomba likijaa, siku moja tu ni tani laki moja na ushee. Ofisi yangu nzima kwa mwaka haifiki hata tani mia chache. Sasa ninapima gesi ya AC, huku nimeandika mikataba ya ardhi kwa ajili ya mkuza wa bomba. Hewa ukaa ya kazi yetu iko wapi kwenye hayo mafungu matatu?

---

MamaRisiti_Kla

Haimo. GHG Protocol haikulazimishi kuhesabu kile mteja anachofanya na ushauri wako. Benki zina kipengele chao cha mikopo na uwekezaji, namba 15 ya wigo wa 3. Sisi wa ada hatuna. Kuna mjadala unaendelea kwa wenzetu wa nje kuhusu kuziorodhesha kazi za namna hiyo, angalau kutaja sehemu ya mapato inayotoka kwenye mafuta na gesi. Wazo hilo nililipeleka kwenye kikao. Lilirudi limefungwa kwenye bahasha.

---

Mzee_wa_Busia

Wakili, mwanangu, na wewe usitupeleke mbali. Norway wamechimba miaka hamsini na ushee, wanafuga pensheni zao, hakuna anayemwuliza wakili wa Oslo. Hapa hata pipa la kwanza halijafika Tanga, tayari tunaambiwa tuone aibu.

---

Wakili_Nakasero

Mzee, sisemi tuone aibu, wala sijakataa kazi hiyo. Nasema tusiandike kwenye tovuti kwamba sisi ni "ofisi ya kijani" huku tukijua mapato yanatoka wapi. Mkinitaka niandike hewa ukaa ya ofisi, nitaandika "ya ofisi", nukta. Tofauti ya maneno mawili, lakini mteja akinipeleka mahakamani kwa tangazo la uongo, maneno hayo ndiyo yatakayosomwa.

---

MamaRisiti_Kla

Hilo nimelichukua. Taarifa yetu inayofuata kichwa chake kitakuwa "Hewa ukaa ya uendeshaji wa ofisi" na mstari wa kwanza utasema wazi kwamba kazi za wateja hazimo.

---

Shamba_Masindi

Mbona mnajitesa? Nunueni miti. Kuna wakulima kwetu wanapanda, kampuni zinawalipa, zinafuta hewa ukaa yao. Yameisha.

---

MamaRisiti_Kla

Ndugu, mradi wa Trees for Global Benefits unaosimamiwa na ECOTRUST, shirika la hifadhi ya mazingira la Uganda, upo tangu 2003, chini ya kiwango cha kuthibitisha miradi ya hewa ukaa kiitwacho Plan Vivo, na wakulima wadogo wanalipwa kwa awamu kadiri miti inavyokua. Sina neno baya nao. Ila mti unachukua miaka mingi kunyonya kile jenereta inachotoa mchana mmoja, na unaweza kukatwa kwa makaa kabla haujamaliza deni. Sisi tunalipia miti, na tunaiandika kwenye mstari wake kama mchango. Haitolewi kwenye jumla. Mbia mmoja aliuliza, "Sasa faida yake nini kama namba haishuki?" Nikamwambia faida ni miti.

---

Karani_Mpya

Samahani dada, mimi ndiyo kwanza nimekabidhiwa kazi kama yako, ofisi ya mawakili. Manunuzi nayahesabuje? Programu niliyopewa inataka dola tulizotumia tu, inazidisha yenyewe kwa viwango vyake.

---

MamaRisiti_Kla

Hiyo njia ya dola itakuchekesha. Viwango vyake vimetokana na uchumi wa Marekani au Ulaya. Ukinunua samani kwa seremala wa Nsambya, mbao na randa tu, programu inazihesabu kama zimetoka kiwanda cha gesi cha Ohio. Na ukipandishiwa bei, hewa ukaa yako inapanda hata kama umenunua kiti kile kile. Tumia njia ya dola kwa vitu vidogo vidogo usivyoweza kufuatilia. Vile vinavyohesabika kwa lita, kilomita na kilo, hesabu kwa lita, kilomita na kilo. Laptopu watengenezaji wengi hutoa karatasi ya kila aina, na sehemu kubwa ya hewa ukaa yake imeshatoka kiwandani kabla hujaiwasha. Kwa umeme wetu wa maji, karibu yote. Kwa hiyo ikae miaka sita badala ya mitatu. Ongeza RAM, badilisha betri.

Ushauri wa haraka kwa mwezi wako wa kwanza: omba mhasibu atenganishe mafuta ya jenereta na ya magari, mwandikie mwenye jengo, badilisha fomu ya AC, na mwombe wakala wa tiketi akupe orodha ya safari zote za mwaka na daraja la kiti. Wakala anayo, anaitoa kwa barua pepe moja. Usinunue programu yoyote kabla ya hapo. Jedwali la Excel linatosha.

---

Karani_Mpya

Asante sana. Na wafanyakazi kuja kazini? Wengi wetu ni boda na teksi za Old Park, risiti hakuna.

---

MamaRisiti_Kla

Wape karatasi yenye maswali matatu: unatoka wapi, unapanda nini, siku ngapi kwa wiki. Mtu wa Mukono kwenye teksi ya watu 14 ana hewa ukaa kidogo kuliko mbia wa Muyenga peke yake kwenye gari kubwa, na namba ikitoka hivyo usiilainishe. Sisi tumeruhusu siku za kufanyia kazi nyumbani nje ya msimu wa ukaguzi, na kwa barua na nyaraka za mjini tunaita boda za umeme, zile za kubadilisha betri kituoni kama za Zembo na GoGo. Hapo umeme wa Nile unafanya kazi yake hasa.

---

Kamunye_Ntinda

Nyabo, boda wa umeme akiwa mbali na kituo cha betri atakukatalia safari. Jana mmoja amenikatalia Gayaza.

---

MamaRisiti_Kla

Ndiyo, kwa Gayaza bado. Kwa mahakama na mamlaka ya mapato, URA pale Nakawa, wanafika bila shida. Karani_Mpya, nitumie ujumbe faragha, nikupe ile fomu ya AC na barua ya mwenye jengo, ubadilishe majina tu.